Rupia Iliyosuguliwa kwa Majivu

Mzee Yotamu alisema maneno yake amesimama mlangoni, mimi nikiwa na mzigo kichwani tayari kwa safari ya kwetu Chimala.

"Ng'ombe rudisheni wowote, mradi wana miguu minne. Majembe hivyo hivyo. Lakini rupia ya mama yangu naitaka ile ile. Mkileta yote, umetoka. Mkishindwa, mvua ya kwanza ikukute jikoni kwangu."

Mzee Yotamu ni baba mkubwa wa mume wangu, Silvester. Silvester alivuka mpaka akaenda kwenye migodi ya Zambia, akaoa huko, na hakuna aliyenificha jambo hilo. Mimi nilibaki kwa baba yake mkubwa, nje kidogo ya Mbeya, nikilima na kupika, nikiitwa mke wa mtu. Ukiuliza mtu gani, wanatazama pembeni. Na kuondoka si kubeba nguo tu. Kwa watu wetu mwanamke hajaachika mpaka mahari irudi. Isiporudi, hata nikizaa na mwanaume mwingine, mtoto ataitwa wa kwao.

Ng'ombe na majembe kaka yangu Antoni alishavipeleka. Ikabaki rupia.

Ni pesa ya fedha tupu, ya enzi za Mjerumani. Watu wa ukoo wa Mzee Yotamu waliiweka mkononi mwa mama yangu siku ya posa. Mama hakufikiri kama kitu kile kitakuja kuulizwa. Aliipeleka kwa fundi, ikayeyushwa, ikawa bangili nyembamba. Nilivishwa siku ya harusi, mkono wa kushoto, kwa sabuni, nikiwa bado msichana wa mifupa mitupu. Tangu siku hiyo haijatoka.

"Tuseme imepotea," Antoni alisema.

"Ukisema imepotea," mama akajibu, "Yotamu atasema basi na dada yako amepotea. Amepotelea kwake."

Ulikuwa ule mwaka Wachina wanatandika reli upande wetu, na magari yalikuwa mengi barabarani. Antoni alikuwa anapakia magunia ya mchele kwenye malori, na dereva mmoja akamwambia habari za Mzee Isihaka wa Iringa. Mzee huyo ni sonara, watu wake walitoka pwani, na huuza pesa za zamani kwa watu ambao hajawahi kuwaona. Unatuma maneno na malipo yako kwa basi, naye anakutumia pesa kwa basi. Tulimweleza tunayotaka: upande mmoja mtu mwenye kofia ya chuma yenye ndege juu, upande wa pili simba amesimama chini ya mti. Tulituma mpunga wote wa akiba.

Kondakta alituletea kifuko cha nailoni inayoonyesha ndani, mdomo wake umefungwa kwa uzi na kupigwa lakiri nyekundu. Ndani, rupia nyeusi. Juu ya karatasi ndogo Mzee Isihaka aliandika masharti yake, nami nikamsomea mama kwa sauti: itazame humo humo. Usipoipenda, irudishe na lakiri yake. Lakiri ikivunjika, imekuwa yako. Usiioshe.

"Simba huyu hapa," mama alisema, ameisogeza karibu na macho. "Ndiyo yenyewe. Jumapili kaka yako aipeleke."

Nilikwenda shambani kutayarisha majaruba ya mpunga. Niliporudi mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, kakunja kanga mapajani, na mbele yake kibuyu cha majivu na limao lililokamuliwa. Rupia ilikuwa inang'aa kama jino la mtoto.

Nilikaa chini.

"Unaniangalia nini?" mama aliuliza. "Kitu cha kwa wakwe kinaenda kichafu? Hata kuku wa wakwe anaoshwa miguu. Ungetaka waseme binti wa Helena amerudisha mahari yenye masizi?"

"Nilikusomea, mama."

"Ulisoma nisiioshe. Sikuiosha. Nimeisugua."

Hakuwa anafanya mzaha. Mama yangu husugua sufuria mpaka unaona uso wako, na kwetu kitu kikienda kwa wakwe bila kusafishwa, matusi yake huwezi kuyalipa. Ningekuwa mimi mwenyewe pale na kibuyu, labda ningefanya hivyo hivyo.

Jumapili Antoni alikwenda Mbeya, na jioni akarudi nayo mfukoni.

"Aliigeuza mara moja tu," alisema. "Akasema, yetu ilikuwa nyeusi, mama alikuwa anaiweka kwenye mfuko wa tumbaku, ilinuka. Hii imetengenezwa jana. Akasema rudisheni kwa aliyewauzia, na muulizeni kama anauza na wanawake."

Mama aliingia ndani.

Basi nilikwenda Iringa mwenyewe, na Antoni. Duka la Mzee Isihaka lilikuwa chumba kimoja chenye meza, mizani na kioo cha kukuzia vitu. Alitukaribisha vizuri, akaagiza chai. Aliichukua rupia, akaiweka chini ya kioo, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayetazama maiti ya jirani.

"Mwanangu, masharti uliyasoma?"

"Niliyasoma, babu."

"Nani kaisugua?"

"Mama."

"Kwa majivu?"

"Na limao."

"Na limao." Akaivua miwani. "Mama yako ana mikono yenye nguvu. Ona huyu simba, hana tena manyoya. Wanaonunua kwangu wananunua ule weusi, binti yangu. Ule weusi ndio miaka yenyewe. Nikiipokea hii, kesho kila mtu ataniletea iliyosuguliwa."

"Hata nusu ya malipo?" Antoni aliuliza.

"Hata robo. Nikivunja sharti kwako, nimelivunja kwa wote. Kunyweni chai."

Nilinyoosha mkono kuchukua kikombe, naye akaishika bangili yangu kwa vidole viwili, bila kuvuta.

"Hii ni fedha ya rupia. Nzuri. Nani kaiyeyusha?"

"Fundi wa kwetu."

"Amepoteza sura tu. Fedha ni ile ile." Akaigeuza kidogo. "Hii naweza kuinunua. Lakini itabidi niikate, maana mkono umenenepa."

Nikamwambia asante, haiuzwi. Njia nzima mpaka Chimala nilikuwa naitazama. Antoni alidhani nalia, akaniachia dirisha.

Mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya milima tulipokwenda Mbeya. Mzee Yotamu alikuwa sebuleni na ndugu zake wawili, na mke wake, mama Alinanuswe, alikuwa ameketi chini karibu na mlango. Nilipiga magoti, nikawaamkia, nikanyoosha mkono wa kushoto.

"Baba, rupia yenu hii hapa. Mama aliiyeyusha ili nije kwenu nimepambwa. Miaka yote imekaa nyumbani kwenu. Nilikuwa nasongea nayo ugali wenu."

Hakuna aliyecheka. Mzee Yotamu aliinama, akaangalia kwa muda mrefu.

"Ndiyo maana mlininunulia ya uongo."

"Ndiyo, baba. Tuliogopa."

"Basi itoe."

"Haitoki. Inataka kukatwa."

"Tulitoa kitu kizima," alisema. "Siwezi kupeleka vipande kaburini kwa mama yangu. Kama haitoki nzima, kaa nayo hapa hapa."

Ndugu yake mmoja alisema, "Ameongea." Nje upepo wa mvua ulianza kupiga mabati.

Nikaomba sabuni.

Mama Alinanuswe alitazama mume wake, kisha akasimama, akaniletea beseni na kipande cha sabuni ya mche. Nilipaka, nikavuta. Ilifika kwenye mfupa wa kidole gumba ikagoma. Nikapaka tena. Ngozi ilikunjana mbele yake kama soksi, kisha ikachubuka, na povu likawa jekundu. Antoni aligeukia ukuta.

"Kidole gumba kiingize ndani ya kiganja," mama Alinanuswe aliniambia taratibu. "Usishindane nacho. Kilegeze." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanibana mifupa kama anayebana boga. "Sasa."

Ilitoka. Ilidondoka ndani ya beseni, nzima.

Mzee Yotamu aliiokota, akaisuuza, akainusa. Sijui kama alitegemea tumbaku. Aliitia mfukoni mwa koti, kisha akasema, akitazama mlango si mimi:

"Nendeni kabla barabara haijaharibika."

Mvua ilitukuta Igawa, ndani ya basi, tumeshaipita Chimala kwa usingizi. Tulirudi kwa miguu na lori, tumelowa, Antoni anacheka peke yake.

Rupia ya Mzee Isihaka bado tunayo, maana hakuna wa kuirudishia. Ipo juu ya meko, penye moshi, na imeanza kushika weusi pembeni. Juzi mama aliishusha, akaigeuza mkononi, akanitazama.

"Niisugue?"

"Iache, mama."