Mfungo wa Nathanaeli

Nathanaeli hakuwa mwongo wa siku zote. Hilo tulitangulize, maana yatakayofuata hayamsifu hata kidogo. Kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, katika wizara alikokuwa afisa ugavi, watu walimjua kwa kusali kabla ya chai. Alipoomba likizo ya wiki nzima ili akahubiri nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Gulwe, wenzake walimwona mtu wa Mungu kweli kweli. Na yeye, tusifichane, alijiona hivyo hivyo.

Jumanne alipangiwa kitongoji cha ng'ambo ya korongo pamoja na Editha, mzee wa kanisa wa pale kijijini, mama wa makamo mwenye maneno machache na miguu isiyochoka. Nyumba yao ya mwisho ilikuwa ya Mama Matonya, bibi aliyeishi peke yake na mbuzi wanne katika tembe la udongo. Kanisani hakuwahi kukanyaga. Wainjilisti waliomtangulia Nathanaeli aliwakaribisha, akawasikiliza vizuri, akawasindikiza hadi njiani, basi. Mizimu ya wazee wake ilimtosha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaeni. Hapa kwangu maneno huja baada ya chakula."

Akaingia ndani, akatoka na ugali wa uwele na bakuli la mlenda. Sasa, Nathanaeli ni Mgogo wa baba na mama, na mlenda ndio uliomkuza. Lakini miaka tisa ya mjini ilikuwa imemharibu. Alimwona bibi akifuta ukingo wa bakuli kwa mkono uliotoka kumshika mbuzi sasa hivi, akaona nzi wawili, akaurudisha mkono wake. Angeweza kumega tonge moja la heshima. Angeweza hata kusingizia tumbo. Badala yake yakamtoka maneno mepesi, tena kwa sauti ya mimbarini.

"Bibi, unisamehe. Nimefunga. Sitakula kitu mpaka Ijumaa."

Editha akageuka kumtazama. Asubuhi ile ile walikuwa wameketi wote kwa mama lishe karibu na stesheni, na Nathanaeli alikula chapati tatu kwa supu ya mbuzi, akaomba aongezewe mchuzi.  Kisha Editha alinawa, akala kwa niaba ya wawili.

"Kufunga ndiyo nini?" bibi akauliza. "Mtu mzima na afya yako, unajinyima chakula kwa sababu gani?"

Hapo angalau angenyamaza! Lakini mtu akishaanza kujikosha haachi njiani.

"Kwa ajili yako, bibi. Namwomba Mungu auguse moyo wako. Nitakaa na njaa mpaka anisikie."

Mama Matonya alimtazama usoni. "Kwa ajili yangu mimi? Wala hunijui."

"Mungu anakujua."

 Bibi aliuvuta ugali uliobaki, akaufunika, akawaambia warudi Ijumaa.

Jioni, kwenye kipindi cha ushuhuda, Nathanaeli alisimama akasimulia jinsi bibi aliyewashinda wengine alivyolainika, "baada ya maombi mazito." Watu wakapiga vigelegele. Editha, aliyekaa benchi la nyuma, aliinamisha kichwa akaangalia viatu vyake. Jumatano Nathanaeli alikula wali na maharage. Alhamisi alikula kuku.

Ijumaa walimkuta Mama Matonya amelala kwenye ngozi ya ng'ombe, kivulini mwa ukuta. Midomo imempauka, macho yameingia ndani. Alijaribu kuinuka awapokee, akashindwa. Editha alimkimbilia.

"Bibi! Unaumwa?"

"Siumwi. Nina njaa tu." Alisema hivyo kwa fahari kidogo. "Mama yangu hakuwahi kula huku mgeni wake ana njaa, na mimi sijawahi. Mtoto huyu ashinde njaa kwa ajili yangu, halafu mimi nimeze tonge? Nimekunywa maji tu tangu mlipoondoka. Nilikuwa nakungoja, mjukuu wangu, tule pamoja."

Nathanaeli alitamani ardhi impasukie pale pale.

"Na huyo Mungu wako nimemkubali," bibi akaendelea. "Waliokuja kabla yako walinisomea kitabu tu. Wewe umekaa na njaa. Mwambie mchungaji Jumapili nakuja, anibatize."

Editha aliingia ndani kuwasha moto. Nathanaeli akabaki na bibi. Akapiga hesabu ya mwoga. Akinyamaza, bibi atabatizwa, kanisa zima litafurahi. Anayejua ni Editha peke yake, na Editha si mtu wa maneno. Tena, akajiambia, nikisema sasa si nitamwangusha katika imani? Ndivyo alivyojidanganya, kwa dakika nzima, akiziangalia mbavu za bibi zikipanda na kushuka.

Editha akatoka na uji kwenye kata ya kibuyu, akamwinamia bibi ampe. Bibi akasogeza uso pembeni.

"Mpe yeye kwanza. Yeye ndiye aliyeanza kukaa na njaa."

Nathanaeli akajikuta ameishika kata, uji unafuka moshi, mwanamke mwenye njaa ya siku tatu anamngoja yeye anywe. 

"Bibi, mimi sikufunga."

"Umesema nini?"

"Sikufunga. Nilikuwa nimekula siku ile, kabla ya kuja kwako. Nimekula kila siku. Jana nilikula kuku. Nilikudanganya, bibi."

Mbuzi mmoja akapiga kelele nyuma ya nyumba. Mama Matonya hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Aliuliza taratibu:

"Chakula changu kilikuwa na nini?"

Nathanaeli, aliyeweza kuhubiri saa mbili bila karatasi, alitafuta neno jingine la kumpa, asilione. Lilikuwepo moja tu, na lilimchoma ulimi.

"Niliona kinyaa, bibi."

Bibi akanyoosha mkono, akaichukua kata yake. Akanywa polepole, Editha amemshika mgongo, mpaka ikaisha. Akapumzika. Kisha akamwashiria Editha amimine tena, na safari hii kata aliielekeza kwa Nathanaeli.

"Mwambie mchungaji asiningoje Jumapili," akasema. "Habari za Yesu ataniambia Editha, yeye alikula kwangu. Wewe kaa hapo unywe."

Nathanaeli akapokea kwa mikono miwili, akanywa, bibi akimwangalia mpaka mwisho.