Namba ya Bibi Koleta

Mkuu wa chuo alisema seva imejaa, na kwamba folda ya marehemu Bibi Koleta ifutwe kabla ya adhuhuri. Yudith, fundi kompyuta aliyehitimu mwaka jana tu, aliiona ni kazi ya kufumba na kufumbua. Katika chuo hicho cha uuguzi, milimani juu ya Same, kompyuta zenyewe hazitunzi kitu. Kazi ya kila mtu hukaa kwenye folda yake ndani ya seva, nayo humfuata kwa mtandao popote anapoketi.

Akaandika amri ya kufuta. Kabla ya kuibonyeza akachungulia ndani, akaganda. Faili moja lilikuwa limebadilishwa dakika nne zilizopita.

Bibi Koleta, mwalimu wa wakunga, alizikwa miaka mitatu iliyopita. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani, na ndani ya maabara ya kompyuta Yudith alikuwa peke yake.

Mlango ukasukumwa. "Dada Yudith, nimekwisha!" Alikuwa Koleta, mjukuu wa marehemu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. "Ripoti yangu haipo! Saa nane naitetea. Nikikosa, narudia mwaka."

"Uliiandikia wapi?"

"Kwenye kompyuta ile ya dirishani, siku zote. Leo nimefungua kule maktaba, folda nyeupe pe!"

Yudith akampigia Mzee Eliufoo, fundi aliyestaafu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Seva yangu imekushinda?"

"Bado. Huyu Koleta mdogo ulimpa namba gani ya kuingilia kwenye seva?"

"Ya bibi yake," mzee alijibu bila kusita. "Mtoto karithi jina, nimnyime namba? Kwetu jina halirudi mikono mitupu."

Yudith nusura acheke. Seva haijui sura, inajua namba. Na kompyuta ya dirishani, yenye orodha ya zamani ya watumiaji ambamo namba hiyo bado ni ya marehemu, ilikuwa ikimpeleka binti moja kwa moja kwenye folda ya bibi. Angeibonyeza ile amri, kazi ya wiki sita ingekwenda na maji.

Wakaifungua ripoti. Ilikuwepo, nzima. Lakini pembeni mwa ukurasa wa tisa palikuwa na maandishi mekundu: *Rudia hesabu ya dawa. Mtoto huyu ana kilo tatu.*

"Umeandika wewe?"

"Mimi? Sijaigusa tangu jana."

Saa iliyoonyeshwa ilikuwa ya leo, saa nne na dakika kumi na mbili. Wakati huo Koleta alikuwa maktaba, na Yudith alikuwa humu peke yake. Aliyeandika alitambulishwa kwa namba ileile moja.

Koleta akachukua kalamu, akapiga hesabu kiganjani, akairudia.

"Dada," alinong'ona, "nilikosea. Dozi yangu ingemuua."

"Basi sahihisha."

Akasahihisha. Yudith akaifuta amri aliyoiandika, neno kwa neno, kisha akavaa sweta aende kumwomba mkuu diski nyingine ya seva, folda ya bibi ibaki.