Mkono wa Mwenye Hisa

Mume wangu anatia rangi ngozi kiwandani, na maji machafu ya kiwanda hicho yanapita nyuma ya jiko langu. Kisima chetu kimeanza kunuka. Mtoto wetu wa mwisho haachi kuharisha, na nesi wa zahanati hakupindisha maneno: "Mama, acheni hayo maji. Hata kuyachemsha hakusaidii." Haya, tuyaache, tunywe nini? Upepo?

Sasa sikieni vituko. Mwaka jana wafanyakazi waliomba nyongeza ya mshahara, wakapewa hisa. Mkurugenzi akawaambia, "Sasa kampuni ni yenu. Itamfaa mwenye hisa, mfanyakazi na jirani, wote sawa." Wakapiga makofi mpaka viganja vikawauma. Mimi nikasema mshika mbili moja humponyoka, sembuse tatu! Mume wangu akaniita kisirani.

Juzi ukaitishwa mkutano wa kuamua kama inunuliwe mashine ya kusafisha yale maji. Nilimpigia shati pasi, nikamfunga vifungo mwenyewe.

"Baba watoto, leo uinue mkono. Hata ukiwa peke yako."

"Nitainua. Kwani nimekuwa mwoga lini?"

Sisi majirani turuhusiwe kuingia? Thubutu! Tulisimama madirishani. Mkurugenzi alizungumza taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale. Mashine itanunuliwa wenye hisa wakitaka, akasema, ila ili pesa ipatikane, sehemu ya rangi itafungwa. "Amueni wenyewe. Kampuni ni yenu."

Mungu wangu! Nikamtafuta mume wangu kwa macho. Alikaa katikati ya wenzake wa rangi, bega kwa bega, vidole vyao vyote vyeusi. Wanaotaka mashine wakaambiwa wainue mikono. Waliinua watu wachache wa ofisini, wale wanaokaa mtaa wa juu na kunywa maji ya bomba. Watu wetu waliinamisha vichwa. Nikagonga kioo. "We! Inua!" Aliniona, naapa aliniona. Akaikalia mikono yake.

Nilitangulia nyumbani, hasira zimenijaa. Aliporudi alikaa kizingitini, hata viatu hakuvua.

"Haya, tukana," akasema.

"Mwanao anaumwa, wewe unakalia mikono!"

"Nikikosa kazi, dawa atanunuliwa na nani? Na sisi tutakula nini? Ungekuwa wewe pale, mama watoto, ungeinua?"

Nilifungua mdomo huu wangu ambao mtaa mzima unauogopa.

Mara mtoto akaanza kulia ndani, anataka maji. Tukatazamana mimi na baba yake, kila mmoja anamngoja mwenzake. Hakuna aliyesogea. Kilio kikazidi, kiu haina subira. Mwisho nikachukua ndoo, nikaenda kisimani.