Kijiko Kikubwa Kuliko Mkono

Mwavita aliandika vibao vya maduka mjini Kamembe, kando ya ziwa, kazi aliyorithi kwa baba yake. Kiangazi kile kipindupindu kilipoingia kisiwa cha Nkombo, muuguzi Kamali alimjia na karatasi iliyojaa Kifaransa.

"Maman Mwavita, batu banakauka kwa kuharisha. Dawa ya kwanza iko jikoni kwao: maji, sukari, chumvi. Lakini wengi hawasomi. Wachoree."

Alichora siku tatu: chupa ya lita moja ya maji, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ili hata aliye mbali aone, kijiko alikifanya kikubwa kuliko mkono wa mtu. Mabango kumi na mawili yakavuka ziwa hadi kisiwani.

Baada ya wiki Kamali alirudi, hata kuketi hakuketi. "Kuna mtoto amezidiwa. Twende."

Nkombo walimkuta Nyiransabimana, mke wa mvuvi, amempakata binti yake Véronique wa miaka miwili. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo ukiibana ilibaki imesimama. Kando yao palikuwa na sufuria ya ile dawa. Mwavita alichovya kidole, akaonja, akatema. Chumvi kali mno.

"Ulipima na kijiko gani, Maman?"

Nyiransabimana alichukua upawa wa mti. "Ya ku picha ni kubwa, na hii njo kubwa ya kwangu. Nilifanya tu vile picha inasema. Alikataa kunywa, nikamulazimisha."

Kamali alimbeba mtoto mpaka mtumbwini. Walipiga kasia kuelekea hospitali ng'ambo, mama akiwa nao. Hawakufika nusu ya njia, mtoto akakata roho.

"Ni mimi nilimuua?" mama aliuliza.

"Hapana," Mwavita alisema. "Ni mimi."

Siku hiyohiyo alirudi kisiwani na kubandua mabango yote. Hapo ndipo alipoona balaa lenyewe: wanawake walikuwa wameiga picha yake kwa makaa kwenye kuta za majiko yao. Alipita nyumba kwa nyumba na kitambaa kibichi, akifuta. Wengine walimfukuza. "Hiyo ni picha ya bamuganga! Unataka batoto betu bakufe?" Alilia, akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba ni yeye aliyeichora, na amekosea. Hawakumwamini. Nyumba saba hazikumfungulia kabisa.

Alichora upya palepale ufukoni, wagonjwa wengine wakipakiwa mitumbwini mbele yake. Safari hii, badala ya kijiko, alichora kifuniko cha chupa ya soda, kwa ukubwa wake wenyewe, chumvi ikiishia nusu. Karatasi tatu alizichana.

Siku ya tatu baada ya maziko Nyiransabimana alikuja, akasimama nyuma yake, akaitazama picha.

"Hii kifuniko iko peke yake," alisema. "Muntu atajuaje kama ni kadogo? Chora na vidole venye kuishika."

"Vya nani, Maman?"

Nyiransabimana aliketi mchangani, akaokota kifuniko, akakishika kwa vidole viwili mbele ya uso wa Mwavita. Vidole vilikuwa vikitetemeka. Mwavita alingoja vitulie. Havikutulia, naye akaanza kuchora.