Doto wa Chumba Namba Nne

Saa mbili na nusu asubuhi, Ijumaa moja ya Julai 1996, dagaa wa mgeni wa chumba namba nne walikuwa wametandazwa juu ya mwamba nyuma ya gesti ya Getruda, mtaa wa Mabatini, Mwanza. Katikati yao ilikuwapo pasi ya kusafiria ya Kenya, ndani ya mfuko wa nailoni.

Getruda hakuwa amepekua mizigo ya mtu. Mgeni alinunua dagaa hao soko la Mwaloni siku iliyotangulia, na kwa kuwa katika gesti hiyo dagaa hawalazwi vyumbani, gunia lilibaki stoo. Asubuhi Getruda alilishika akakuta lina unyevu. Kandokando ya ziwa, mwanamke akikuta dagaa wa mwenzake wana unyevu na jua limeshatoka, haombi ruhusa. Anaanika. Mgeni mwenyewe alikuwa ametoka kwenda Makoroboi kununua vitenge.

Kwenye kitabu cha wageni aliandikwa Kulwa Malimi. Jina lake lilikuwa Perez Ajwang, wa Homa Bay, na aliyesababisha tofauti hiyo ni shemeji yake, Okech. Okech aliwahi kulala gesti ya bei ya chini huko Kampala akarudi nyumbani na kiatu kimoja. Tangu hapo amekuwa mshauri wa kila msafiri katika ukoo.

"Nenda na kufuli lako," alimwambia Perez. "Usiku egemeza kiti mlangoni. Jina lako usimpe mtu. Na pasi usiiweke kwenye mkoba, shemeji, mkoba ndio wa kwanza kwenda. Iweke mahali ambapo mwizi mwenyewe ataona kinyaa kutia mkono."

Perez alitekeleza yote. Hakuwa na nafasi ya kukosea: Jumamosi binti yake Favour alikuwa anaolewa, na bila pasi asingevuka mpaka pale Sirari. Jina la Kulwa alilisikia ndani ya basi, mama mmoja akimkemea mwanawe. La Malimi alilisoma kwenye kibao cha duka.

Kosa lilionekana palepale mapokezi, ingawa si kwake.

"Karibu, Kulwa," Getruda alimwambia jioni aliyofika. "Na Doto umemwacha wapi?"

Perez hakujua Doto ni nani. Usukumani hakuna asiyejua: mapacha wakizaliwa, mmoja ni Kulwa na mwingine ni Doto, na hakuna Kulwa asiye na Doto wake. Perez alikumbuka tu kwamba Okech alisema ukiulizwa swali, jibu upesi.

"Nyumbani."

"Wewe! Kumbe yupo. Mnafanana?"

Hapo ndipo Perez alipoelewa kwamba amejipatia pacha.

"Tunafanana sana."

"Naye ni mnene hivi hivi?"

"Hapana," Perez alisema. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. "Yeye ni mwembamba. Aliugua."

Sasa, Ijumaa pale mwambani, Getruda alifungua pasi. Picha ilikuwa ya mwanamke mwenye uso uleule wa mgeni wake, lakini mashavu yameingia ndani na shingo imekonda. Ilipigwa miaka minne kabla, Perez akiwa ametoka tu hospitalini. Jina chini ya picha halikuwa Kulwa. Getruda alifikiri kwa mpangilio mzuri na akafika mahali pasipo sahihi: huyu ni Doto, ameolewa na Mjaluo wa Kenya akabadili jina, na dada yake ameichukua pasi yake kwa siri ili apite nayo mpakani. Asingeichimbia ndani ya dagaa kama ingekuwa yake.

Aliipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee Shimba, aliyekuwa akiuza spea za baiskeli hatua chache kutoka hapo na kufanyia kazi za serikali ya mtaa kwenye kaunta ya duka hilohilo.

Perez aliporudi na vitenge vyake aliona mwamba, akaona dagaa, akaangusha furushi. Alipekua dagaa kwa mikono miwili, kisha akapiga kelele.

"Nimeibiwa! Mama Getruda, nimeibiwa!"

"Umeibiwa nini?"

Kuitaja pasi kulikuwa kutaja jina lililo ndani yake.

"Kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu changu."

"Kama ni chako, huwezi kukitaja?" Getruda alijifuta mikono kwenye kanga. "Mimi nimeokota kitu cha Doto. Kiko kwa mwenyekiti. Twende ukamweleze yeye."

Dukani, Shimba aliiweka pasi juu ya kaunta na kuifunika kwa kiganja.

"Shikamoo, mzee," Perez alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye Kulwa?"

"Mzee, mimi si Kulwa. Mimi ndiye huyo wa kwenye pasi. Perez."

Getruda aliguna. "Unaona, mwenyekiti? Nilikwambia atasema hivyo. Mtu akitaka kupita na pasi ya pacha wake utegemee aseme nini?"

"Sina pacha!"

"Jumatano ulikuwa naye. Mwembamba, aliugua. Nimekusingizia?"

"Hujanisingizia. Nilidanganya."

"Jumatano ulidanganya, Ijumaa unasema kweli," Shimba alisema. "Nitajuaje haijawa kinyume chake?" Aliiangalia picha, akamwangalia Perez. "Uso ni mmoja, sikatai. Lakini mapacha nao uso wao ni mmoja. Hii naipeleka polisi. Jumatatu aje mwenyewe Doto aichukue."

"Jumatatu! Mzee, mwanangu anaolewa kesho. Basi langu linaondoka saa tano. Huyo Doto hawezi kuja, hata mkimngoja hadi Krismasi."

"Kwa nini hawezi?"

"Kwa sababu hajazaliwa!"

Mteja aliyekuwa akichagua mnyororo wa baiskeli alicheka, Shimba akamkazia macho hadi akarudi kwenye minyororo yake.

Perez alishika ukingo wa kaunta. Aliacha kupandisha sauti.

"Mwenyekiti, ninyi mapacha wenu mnawaita Kulwa na Doto. Nimelijua hilo kwa taabu. Sisi Wajaluo nasi tuna ya kwetu. Wasichana wakizaliwa pacha, wa kwanza ni Apiyo, wa pili ni Adongo. Soma hapo. Mimi ni Ajwang. Ajwang ni jina la kuzaliwa, huolewi ukalipata. Kama mwenye pasi hii angekuwa na pacha, angekuwa Apiyo au Adongo, na hapo pangeandikwa hivyo."

Shimba alisoma. Palikuwa pameandikwa Perez Ajwang Otuoma.

"Hayo unayasema wewe," alisema.

"Muulize Mjaluo yeyote."

"Yupo Ojuok, fundi cherehani," Getruda alisema. Alikuwa mwaminifu hata pale ambapo hoja haikuwa upande wake.

"Nenda kamuulize. Usimwambie sababu. Na wewe mgeni, baki hapahapa."

Cherehani ya Ojuok ilikuwa barazani, ng'ambo ya barabara. Swali na jibu vyote vilisikika dukani.

"Fundi! Kwenu mabinti wakiwa mapacha mnawaitaje?"

"Apiyo na Adongo. Kwani nani kajifungua?"

"Hakuna. Na Ajwang je?"

"Ajwang si pacha. Mama Getruda, kama wameshampa mtoto jina hilo, waambie wamekosea."

Shimba aliondoa kiganja juu ya pasi.

"Mwenye pasi hana pacha," alisema taratibu, kama mtu anayejumlisha. "Na uso wa kwenye pasi ndio huu. Basi ni mtu mmoja." Alimsogezea Perez. "Mama, ukirudi Mwanza, njoo na jina lako. Hilo la kwetu lina wenyewe, na huwa wanakuja wawili."

Perez aliipokea kwa mikono miwili. Getruda alikuwa amesharudi, amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo ulijiita Kulwa kwa sababu uliogopa nitakuibia?"

"Shemeji yangu ndiye aliyesema..."

"Simuulizi shemeji yako. Wewe uliogopa?"

"Niliogopa."

"Na mimi huku nakuanikia dagaa."

Walirudi gesti. Pale mwambani Getruda aliinama akaanza kuzoa dagaa, Perez akashika mdomo wa gunia ukae wazi.

"Hawajakauka," Getruda alisema. "Ukifika uwaanike tena kabla ya kuwapika, la sivyo utaniaibisha mbele ya wakwe."

"Nitawaanika, dada."

"Na huyo bibi arusi anaitwa nani? Au naye ana majina mawili?"

"Favour. Ni hilo moja tu."

Gunia lilifungwa kwa kamba. Utingo alikataa kuliingiza ndani ya basi, likapandishwa juu pamoja na majiko ya mkaa na godoro la abiria mwingine. Basi lilitoka stendi likiwa limechelewa kidogo. Muhuri wa Sirari, wa kutoka Tanzania, uligongwa kwenye pasi ya Perez Ajwang Otuoma jioni ya Ijumaa hiyohiyo.