Warsha ya Mwisho ya Mzee Hnatiuk

Siku baba yangu alipopangiwa kuigiza mgonjwa anayekufa, alivaa tai. Ilikuwa tai yake ya bluu, ile ya Jumatatu, na juu yake koti jeupe lenye maandishi kifuani: D. Hnatiuk, Mfamasia. Shingo ilikuwa imekonda kiasi kwamba kola ilimzunguka bila kumgusa. Alikaa mbele ya kompyuta kwenye meza ya chakula, akaweka daftari upande wa kushoto na penseli mbili upande wa kulia, kisha akaniambia nipunguze kelele huko jikoni, watu wako kazini.

Nilikuwa nakata bitiruti za supu. Daktari alikuwa amempa wiki tatu, na hiyo ilikuwa ya pili. Saratani ya kongosho haina subira na mtu.

Leseni yake ilikuwa inaisha mwisho wa Juni. Mfamasia asiyetimiza masaa kumi na tano ya mafunzo kwa mwaka hapewi nyingine, awe kijana au mzee, mzima au mahututi, na Baba alikuwa na masaa kumi na mawili. Duka lake la dawa alikwisha kuliuza miaka minne nyuma, lakini mnunuzi alimwachia zamu za Jumamosi, kwa kuwa duka jingine la dawa liko kilomita tisini kutoka mjini kwetu. Nilimuuliza masaa matatu yaliyobaki ni ya nini, wakati hata Jumamosi inayokuja hatukuwa na hakika nayo. Alinitazama kama anavyomtazama mteja aliyemletea karatasi ya daktari ya kughushi.

"Nikifa, nife mfamasia," alisema. "Ustaafu nimewaachia wengine."

Mimi naye tulikuwa tunakula kutoka chungu kimoja, kwa namna fulani. Kwa miaka kumi na sita nimefanya kazi katika kampuni moja pale Winnipeg inayotengeneza warsha za mtandaoni kwa ajili ya wahasibu, wauguzi, mafundi umeme, yeyote anayetakiwa na bodi yake kuonyesha kwamba bado anajifunza. Naijua biashara hii uchi wake. Najua watu huwasha mhadhara wakaenda kuosha gari. Najua wahandisi wanaomlipa mpwa wao abonyeze majibu. Katika maelfu ya watu hao, sikuwahi kumwona hata mmoja aliyekaa kama baba yangu, akisimamisha video ili anakili jina la dawa mpya, akirudi nyuma dakika tano kwa sababu alipiga chafya. Hata hivyo hakuacha kunitania. Kila nilipokuja nyumbani aliniuliza biashara inaendaje, kisha akajijibu mwenyewe kwamba yeye ameuza dawa za usingizi miaka arobaini na sita, lakini za kwangu ndizo kali.

Orodha ya bodi ya wafamasia ilikuwa na warsha zaidi ya arobaini. Kulikuwa na ya kisukari, ya chanjo, ya kupanga stoo. Baba aliichagua ile iliyoitwa "Kuzungumza na Mgonjwa Aliye Mwishoni, na Watu Wake". Aliichagua mwenyewe, bila kuniuliza, na aliponionyesha nikasema ni nzuri. Moyoni nilichomwa. Nilijiambia kwamba mzee huyu atalipia masomo ya kuzungumza na watu wa wengine, ilhali mimi nimekaa jikoni kwake siku ya tisa, na habari zote tulizokwisha kuongea ni za mvua na matairi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikuwa na letu tulilolificha kwa miaka kumi na moja.

Mama yangu alikufa miaka hiyo kumi na moja nyuma, mwezi wa Februari. Nilipopata habari kwamba amezidiwa nilipiga simu, begi likiwa tayari mlangoni, na Baba akaniambia nisije. Barabara ni barafu tupu, alisema, na mama yako ana wiki kadhaa bado, subiri hali ya hewa itulie. Nilimwamini. Ningekosaje kumwamini? Mji mzima ulimwamini. Watu walimeza alichowapa bila kusoma kibandiko. Nikaitoa nguo begini, nikarudi kazini. Siku ya tatu Mama akafariki. Kwenye mazishi jirani mmoja alinishika mkono akanieleza, kwa nia njema kabisa, jinsi marehemu alivyokuwa akiliita jina langu. Nilimtazama Baba upande wa pili wa kanisa, naye akakitazama kitabu cha nyimbo. Tangu siku ile nilikuwa nasubiri neno moja tu kutoka kwake, sababu, na sikuwahi kuliomba.

Basi siku hiyo ya warsha mwendeshaji aliwagawa wafamasia arobaini waliohudhuria wawili wawili. Ndivyo tufanyavyo: kila jozi inatupwa katika chumba chake kidogo mtandaoni, inapewa dakika kumi na mbili za igizo, na muda ukiisha mashine inafunga vyumba vyote kwa pamoja. Mmoja anakuwa mfamasia, mwingine anapewa kadi ya mgonjwa. Kadi ya Baba ilisema yeye ni Bwana Albert, miaka sabini, mapafu yamekwisha, familia yake iko mbali na haijaambiwa. Mwenzake alikuwa binti wa mji wa Lethbridge aitwaye Thuy Doan, miaka miwili kazini, sauti ya mtu anayeogopa kukosea. Baba hakusikia vizuri na hakutaka vile vidude vya masikioni, kwa hiyo sauti ilijaa nyumba nzima.

Walianza kama wanavyoanza wote. Bwana Albert anaendeleaje leo, maumivu yako wapi, dawa ya usiku inamsaidia? Baba alijibu kwa adabu, na nakiri kwamba aliigiza vibaya mno, kama mtoto anayesoma shairi. Kisha Thuy akamuuliza kama watu wake wanajua.

Nilidhani mtandao umekatika.

"Nina binti mmoja," Baba alisema, na sauti haikuwa tena ya Bwana Albert. "Mama yake alipokuwa anakufa, nilimwambia asije."

Kisu kilinisimama mkononi.

Thuy alisema, kwa ile sauti wanayofundishwa, kwamba pengine alidhani bado kuna muda.

"Hapana, mwanangu. Mofini ya maumivu nilikuwa naipima mimi mwenyewe. Nilijua ni siku mbili, au tatu. Nikamwambia wiki."

"Kwa nini, mzee?"

Ndipo kengele ikalia. Naijua kengele ile, hata sisi tunaitumia. Ina maana imebaki dakika moja. Katika vikao vya ofisini mimi ndiye niliyeshikilia kwamba dakika moja yatosha, kwa kuwa watu wakiachiwa nafasi huanza kupiga soga. Baba hakuijali. Alikohoa. Alitafuta glasi ya maji, nikaisikia ikigonga meza, akanywa taratibu kama alivyofanya kila kitu.

"Kwa sababu," alisema, na chumba kikafungwa.

Nyuso arobaini zikarudi kwenye kioo. Mwendeshaji akauliza kwa furaha nani angependa kutushirikisha alichojifunza. Kati yangu na kiti cha Baba palikuwa na hatua sita. Ningeweza kuzipiga na mikono yangu myekundu vile vile, nikamwambia, malizia, Baba, mimi hapa. Badala yake nilirudi kwenye bitiruti. Nilikuwa na hasira, na sitaki kuipamba: kile nilichokingoja miaka kumi na moja alikuwa amempa mtoto wa watu wa Lethbridge, tena bure.

Warsha ilipokwisha alijaza fomu ya tathmini kwa vidole viwili, akafunga kompyuta, akavua tai. Tulikula. Alisema supu imepungua chumvi, nikamsogezea chumvi.

Asubuhi yake nilikuwa napita kwenye korido na kapu la shuka zilizotoka kufuliwa, aliponiita. Alikuwa kitandani, ameegemea mito, amechana nywele. Miwani alikuwa ameivaa. Daftari lilikuwa wazi magotini, ukurasa umejaa ile penseli yake nyembamba, na nilielewa mara moja kwamba amejiandaa. Amejiandaa kwa ajili yangu kama mtu anayekwenda kufanya mtihani.

"Larysa. Hebu kaa kidogo, mama."

Hakuwa ameniita mama tangu nikiwa na miaka sita. Ningetaka kusema kwamba sikuelewa, lakini nilielewa vizuri. Niliogopa. Miaka yote ile nilikuwa nimemlaumu nikastarehe katika lawama zangu, na sasa alikuwa na sababu mkononi, na sababu inaweza kuwa ya kumsamehe mtu, au ya kutomsamehe kabisa. Na kama Mama ndiye aliyekataa nisimwone? Na kama Baba alitaka tu zile siku tatu ziwe zake peke yake? Nililikumbatia kapu kifuani.

"Ngoja nikaanike hizi, Baba, zitanuka. Tutaongea mchana."

"Mchana," alikubali. Akatikisa kichwa taratibu, kama alivyomfanyia mteja anayesema atarudi kesho na hela.

Shuka zilikuwa nne. Kulikuwa na upepo, na mtu wa kwetu anaanika shuka nne kwa dakika tano. Mimi nilikaa nje karibu saa nzima. Nilizinyoosha, nikazibana upya, nikang'oa magugu kwenye tuta la shibiti, majani ya kutia kwenye supu ambayo hakuna ambaye angeyala. Niliporudi ndani maumivu yalikuwa yamempanda na midomo imemgeuka rangi. Muuguzi alikuja, akaongeza dozi. Baba akalala. Alipumua siku mbili zaidi, na hakusema neno.

Alifariki Ijumaa. Cheti kilikuwa kimeingia Alhamisi: masaa kumi na tano, kamili. Kwenye tangazo la msiba niliandika mfamasia, wala si mfamasia mstaafu, na shangazi alipotaka kusahihisha nikamkatalia mbele ya watu.

Daftari nililisoma baada ya mazishi, nikiwa nimesimama. Ukurasa ule ulikuwa na maneno ya warsha, aliyoyapanga upya kwa mkono wake. Mwambie akae. Usianze na hali ya hewa. Sema ukweli kwanza, sababu baadaye. Akilia, usimkimbilie, mwache alie. Nilipekua kurasa zote mbele na nyuma. Sababu yenyewe hakuiandika popote. Ile alikusudia kuisema. Nilimtafuta hata Thuy Doan. Alimkumbuka. Aliniandikia kwamba katika mazoezi yote aliyowahi kufanya hakupata kuona mtu akiigiza vile, na kwamba yeye pia alibaki akijiuliza jibu lingekuwa nini. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hakuwa akiigiza.

Nilirudi Winnipeg. Watu wa kazini walikuwa wema, wakaniletea vyakula katika vyombo ambavyo mpaka leo sijavirudisha.

Mwezi wa tisa nilikuwa naendelea kufunga akaunti zake moja baada ya nyingine, benki, maktaba, kampuni ya simu, nikakuta ujumbe mpya katika sanduku lake la barua. Ulitoka kwa waandaaji wa warsha. Hata sisi hutuma barua kama hizo siku tisini baada ya mafunzo, ili kupima kama watu wamebadilika. Watatu katika mia ndio hujibu, na majibu yao tunayageuza kuwa michoro ya rangi. Nimeandika mamia yake. Sikuwahi kupokea hata moja.

"Ndugu Dmytro," ilisema. "Mwishoni mwa warsha uliahidi kufanya jambo moja kwa namna tofauti. Uliandika: Kumweleza binti yangu kwa nini nilimzuia, na kumwomba radhi, wiki hii. Je, umetekeleza?"

Chini kulikuwa na visanduku vitatu: ndiyo, kwa kiasi, hapana. Nikaweka alama kwenye hapana. Likafunguka swali jingine: ni nini kilikuzuia?

Nikaandika, kwa vidole viwili kama yeye: "Alijaribu. Binti alikwenda kuanika shuka." Nikatuma.