Waya Kwenye Gundi

Mama alikuwa amelala kwenye godoro nyuma ya Noah ya mjomba Mathias, na mbele gari halikuwa na kioo. Tulitoka Ipole alfajiri. Karibu na Tabora tulifuata lori la kuni za kukaushia tumbaku, gogo moja likadondoka, likadunda barabarani, likapasua kioo na kuingia ndani. Vigae vilimchana mjomba kiganja. Mama hakuguswa, lakini yeye alikuwa anatoka damu tangu juzi, ile damu ya ugonjwa wa kizazi, na daktari alisema afikishwe hospitali kubwa ya Mwanza haraka iwezekanavyo. Kwenye basi asingeweza kukaa. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mwingine. Na kwa ile mvua iliyokuwa inajikusanya, hakuna mtu angeendesha mpaka Mwanza uso wazi.

Maduka ya vipuri yote yalijibu jibu moja: kioo cha Noah ya zamani namna hiyo kinaagizwa Dar, subirini. Muuza matairi mmoja akatuonea huruma, akatuelekeza kwa fundi Majidi, nyuma ya stesheni. Uani kwake palikuwa na Noah kama yetu, iliyogongwa na lori huko Kaliua. Nyuma ilikuwa imekunjwa kama karatasi. Mbele kioo kilikuwa kizima, hakina hata mkwaruzo.

Nilipiga goti nikamwamkia fundi. Alikuwa mzee wa kofia, umri wa marehemu baba au zaidi.

"Kile pale," mjomba akasema. "Kitoe."

"Kutoa ni rahisi. Kukitoa kizima ndiyo kazi. Hiki hakikufungwa kwa mpira, kimegandishwa kwa gundi pande zote. Kinatolewa na watu wawili, na mwenzangu amekwenda kuzika Urambo." Akautazama mkono wa mjomba uliofungwa kipande cha kanga. "Wewe una mkono mmoja na midomo mitatu."

"Kabula atavuta," mjomba akasema.

Hakuniuliza. Na mimi sikukataa, kwa sababu nilikuwa nimetoka kumbadilishia mama kitenge, nikaona kilivyolowa.

Fundi akang'oa waipa na plastiki za pembeni. Akatoboa gundi kwa msumari mrefu, akapenyeza waya mwembamba kama wa gitaa, akafunga kila ncha kwenye kipande cha bomba. Mimi nikakaa ndani na bomba langu, yeye nje na lake.

"Ni msumeno, binti. Mimi nikivuta, wewe unalegeza. Ukivuta wewe, mimi nalegeza. Waya ulale kwenye gundi, usipande kwenye kioo. Kioo hakifi katikati, kinafia pembeni. Ukisikia umekwama, niambie nisimame. Mimi huku sioni. Umenisikia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akasubiri nifungue mdomo, kisha akaacha.

Upande wa chini ulikwenda vizuri. Waya ulipopata moto gundi ilinuka kama tairi linaloungua, na mjomba aliumwagia maji ya sabuni kwa kopo. Mama alikuwa anaguna kule kwenye gari, kidogo kidogo, na mimi nikawa navuta kwa kufuata kuguna kwake. Nilijiambia, akiguna bado yupo.

Tulipofika kwenye kona waya ukakwama.

Nilisikia kwenye viganja kabla ya kuona. Kulikuwa na kipini cha plastiki cha kushikilia kioo kimejificha ndani ya gundi, na waya ulikuwa umekikwepa, umepanda kwenye ukingo wa kioo. Nje fundi hakujua, alivuta. Kioo kikatoa sauti ndogo, kama jino linalosagwa. Akajipanga avute tena, safari hii kwa uzito wa mwili.

Nilitakiwa kusema simama. Neno lilikuwepo, lilifika kooni. Lakini kwetu mtoto wa kike hamwamrishi mtu wa umri wa baba yake. Hata nyumba ikishika moto utapitisha neno kwa mama kwanza. Na mama ndiye aliyekuwa kule kwenye godoro.

"Shikamoo," nikasema kwa nguvu.

Fundi akalegeza mikono. Mtu mzima akiamkiwa hawezi kuendelea na kazi kama hakusikia.

"Marahaba," akasema. Kisha akainama, akanichungulia. "Si tumesalimiana muda ule?"

"Huyu amechanganyikiwa na njaa," mjomba akasema.

Nikaonyesha kona kwa kidole. Fundi akazunguka, akaingiza kichwa, akapapasa kona kwa kidole. Ukingo ulikuwa umebanduka kipande kama punje ya mtama. Ufa haukuwa umeanza.

"Ningevuta mara moja zaidi ningekipasua," akasema. Akakata kile kipini kwa kisu, taratibu. "Basi, mwanangu, ukitaka nisimame, wewe niamkie. Mimi nitaitikia. Hata mara mia."

Nikamwamkia kwenye kona ya pili. Nikamwamkia waya ulipokatika, na alipofunga mwingine. Kila mara aliitikia marahaba na kusimama, na mjomba akaacha kucheka.

Upande wa mwisho ulikuwa wa juu. Hapo mikono yangu ilikuwa imechubuka na bomba linateleza kwa damu. Nikagundua kwamba sisikii tena kuguna.

"Mjomba, mama," nikasema.

"Usiachie," fundi akasema. "Kimebaki kimeshikwa na gundi ya upana wa kiganja kimoja. Ukiachia sasa kitaniangukia."

Nikakishika kwa ndani kwa viganja vyote viwili, na paji la uso. Mjomba alikimbia. Niliona mgongo wake umeinama mlangoni na hausogei. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyokichukia kile kioo.

"Anapumua," mjomba akasema hatimaye. "Amelala."

Kikatoka kizima. Tulikibeba watatu, tukakilaza juu ya magunia, na fundi akakwangua gundi ya zamani na kupaka mpya kwenye gari letu. Kilipokaa mahali pake akakifunga kwa utepe mpana, kutoka kwenye kioo mpaka juu ya paa.

"Sasa gari lilale hapa mpaka kesho, gundi ikauke," akasema.

"Kesho nitakuwa nimebeba maiti," mjomba akasema.

Fundi akatazama ndani, kwenye godoro. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Basi nendeni polepole. Vioo vya pembeni viacheni wazi kidogo, upepo usikisukume. Na mlango asiubamize mtu. Mkibamiza tu, kinatoka."

Tukaingia kama wezi, tukivuta milango kwa vidole. Mvua ikaanza nje ya mji. Kioo kilitulia, utepe ukipigapiga, mjomba akiendesha kwa mkono mmoja na magari yote yakitupita. Nilikaa na kichwa cha mama mapajani.

Akafumbua macho. "Mbona tunatambaa?"

"Gundi bado mbichi, mama. Tukikimbia kioo kitachomoka."

Akafikiri. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Basi," akasema, "na mimi ngoja nijishikilie."

Akanishika kidole. Nzega ilikuwa bado mbali.